Risasi Haifyatuki Yenyewe

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi pale Umoja, Nairobi, watu watano mbele yangu, nikaokota jarida lisilo na jalada. Kurasa nne za jambazi mstaafu. Mwandishi anaanza alfajiri: jamaa yuko uani anamwaga mtama, njiwa wanamtua mabegani. Kisha utoto wake: baba mlevi, viatu vya kuazima. Ukifika ukurasa wa tatu unataka kumnunulia chai. Hapo ndipo mwandishi anakumbuka kwamba kuna mtu alikufa. "Risasi ikafyatuka."

Ikafyatuka! Kiswahili kina "akafyatua", kina "akamfyatulia", lakini bwana huyu kaenda kuokota kauli ya kutendeka, ile ya sahani iliyovunjika jikoni na hakuna mtoto aliyeigusa. Nikatoa kalamu, nikarudi mwanzo. Mlango ukafunguka. Pesa zikatoweka. Damu ikamwagika. Yule aliyekufa, soja, yaani mlinzi, "akapoteza maisha", kama mtu aliyepoteza kitambulisho kwenye matatu. Ila kulisha njiwa, kutubu, kumwombea mama, hapo jamaa anatenda mwenyewe, kwa mikono yake miwili!

Mjomba wangu alikuwa soja Industrial Area. Walimvunja taya kwa nondo. Mpaka leo ugali anautafuna upande mmoja. Njiwa hana. Alikuwa na kuku, wakauzwa wote kulipa hospitali.

Msiniambie ndivyo makala ndefu zinavyoandikwa. Truman Capote, mwandishi wa Marekani, mwaka 1965 katika jarida la The New Yorker, naye aliwapamba wauaji wa familia ya Clutter wa Kansas, akatuchelewesha kuyaona mauaji yenyewe mpaka tumzoee mmoja wao, Perry Smith, na utoto wake wa mateso. Hata lile tukio la mwisho la makaburini alilitunga. Lakini alimpa Nancy Clutter, binti wa miaka 16, siku yake ya mwisho nzima, akimfundisha mtoto wa jirani kuoka pai ya cheri. Soja wetu kapewa nusu sentensi, jina hana.

Haya, nakubali shingo upande: kijana wa mtaa wa mabanda wa Mathare akipigwa risasi na polisi, hupewa mistari miwili na lakabu ya "jambazi sugu". Yule, njiwa wangemfaa.

Kinyozi akaniita. Jarida nimeliacha pale pale kwenye benchi, ila "risasi ikafyatuka" nimeikata, juu yake nikaandika "akamfyatulia soja risasi". Kalamu ya bluu, herufi kubwa.