Elimu ya hela kwa kidato cha tano na sita: sawa, ila tunafundisha nini hasa?

Kila bumu (hela ya mkopo ya wanafunzi) likitoka vyuoni maneno ni yale yale, fulani kanunua simu, fulani kahama hosteli kapanga geto na sabufa juu, wiki ya tatu anazunguka anaomba elfu mbili ya chipsi. Halafu watu wanasema "sekondari wafundishwe elimu ya fedha". Wana hoja kabisa. Hela ya kula na malazi ya Bodi ya Mikopo tangu 2022/23 ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500, na inakuja kwa mkupuo wa kama miezi miwili, yaani mtoto aliyekuwa boding anapewa na mzazi elfu 20 ya matumizi ghafla anashika laki sita peke yake. Na hapo hajajua kwamba ule ni mkopo, akiajiriwa wanamkata asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe.

Sasa wanaopinga nao wasikilizwe maana hawasemi pumba. Wanauliza nani atafundisha, wakati kuna walimu kadi zao za benki na namba ya siri ziko kwa mkopeshaji wa kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa) na mshahara ukiingia anatoa yeye kwanza? Sio kwamba hawajui bajeti, wanaijua sana, hela ndo haitoshi. Mama ntilie mwenye vikoba viwili na kibubu cha mbao anajua kupanga hela kuliko mtaalamu yeyote wa semina na bado anakopa, ada ikifika utafanyaje. Kwa hiyo ukimwambia mwanafunzi umaskini wa kwao ni kukosa nidhamu ya kuweka akiba unamdanganya, na atakuona muongo akirudi nyumbani.

Pia tunajijua. Likiwa somo la mtihani litageuka "taja faida tano za kuweka akiba", watu watakariri, watapata A, jumamosi wanabeti.

Mi nipo upande wa kufundisha, ila sio hotuba za kubana matumizi, nataka hesabu za deni. Na mtaala tayari unazo! Riba ya kawaida na riba mchanganyiko zimo kwenye hesabu za O-level, shida ni kwamba zinafundishwa kama zinahusu watu wa mbali wenye akaunti benki. Chukua mkopo wa mtaani uupeleke ubaoni: unakopa laki moja, wanakata elfu 10 ya fomu juu kwa juu, unaondoka na elfu 90, mwisho wa mwezi unarudisha 130,000. Karatasi inasema riba asilimia 30. Kumbe umelipa elfu 40 juu ya elfu 90 uliyoshika kweli, hiyo ni zaidi ya asilimia 44 kwa mwezi mmoja, bado faini ya kuchelewa. Kidato cha tano anaelewa hii ndani ya kipindi kimoja, hata yule aliyekimbia hesabu akaenda HKL (History, Kiswahili, English). Benki Kuu (BoT) mwaka 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, na za aina hiyo zinamfuata kijana kwenye simu yake siku hiyo hiyo anapopata laini.

Hapo pia ningeongeza DECI, ule upatu wa piramidi wa "kupanda na kuvuna" hela. Ilianguka 2009, hawa watoto wengine hawakuwa wamezaliwa, ndo maana kila mchezo mpya wa kupanda na kuvuna unawaona wageni. Wapewe wapige wenyewe kwamba kila mtu akileta watu watano inachukua hatua ngapi kumaliza Watanzania wote (ni kama 11 tu).

Ninachokiogopa ni njia rahisi ya kuwaachia mabenki waje shuleni na tisheti na fomu za kufungulia akaunti. Wakija waje, ila mwalimu wa hesabu awepo darasani na awaulize makato ya akaunti hiyo kwa mwezi ni shilingi ngapi.