Usiilaumu grili, laumu nyama uliyonunua

Kila nikisikia mtu analalamika kwamba baga za grili ya umeme, ile yenye kifuniko inayochoma nyama juu na chini kwa pamoja, hutoka kavu kama soli ya kiatu, swali langu ni moja tu: ulinunua nyama gani? Jibu huwa ni lile lile. Alinunua nyama ya kusaga isiyo na mafuta, kwa sababu mashine yenyewe ilinadiwa kwa jina la afya, naye akaona aikamilishe hiyo afya.

Sifa hiyo ina historia yake. Grili iliyoutangaza mtindo huu duniani iliingia sokoni mwaka 1994 kwa jina la George Foreman, bondia yule yule aliyeangushwa na Muhammad Ali mjini Kinshasa mwaka 1974, na ambaye mwaka huo huo wa 1994 alitwaa tena ubingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 45. Sahani za kuchomea zimeinama ili mafuta yachuruzike hadi kwenye kitrei cha mbele. Hapo ndipo palipokuwa na biashara: mteja anayaona mafuta kwa macho yake, anajiona keshapona.

Msimamo wangu ni kwamba mashine ya kuondoa mafuta inataka nyama yenye mafuta. Ukiipa isiyokuwa nayo, itaondoa nini? Itaondoa maji, na baga bila maji hailiki. Mimi nataka nyama yenye mafuta kama asilimia 20. Sehemu yake itaishia kwenye kitrei, sawa, lakini itakayobaki ndiyo inayolainisha baga na kuipa ladha.

Kosa lingine liko mkononi. Watu wanaikanda nyama ya kusaga utadhani wanakanda unga, tena wanatia chumvi humo humo. Chumvi ikikaa ndani huzivuta protini zishikane, na ulichotaka kiwe baga kinakuwa soseji bapa. Kusanya nyama kwa vidole, ibonyeze kidogo tu ishikane, na chumvi inyunyize juu dakika ile unapoiweka kwenye moto. Unene uwe sawa kwa baga zote, sentimita moja na nusu hivi. Hili si la urembo: kifuniko huegemea ile iliyo nene zaidi, na nyembamba inabaki haijaguswa upande wa juu.

Halafu lipo suala la rangi, na hapa nakubali grili hizi zina udhaifu wa kweli. Nyama hubadilika kuwa kahawia na kutoa ile harufu inayowaita watu jikoni pale uso wake unapofika nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Kwenye grili iliyofungwa, mvuke hauna pa kutokea isipokuwa pembeni, na uso ukiwa na maji hauvuki nyuzi 100. Matokeo yake ni nyama ya kijivu, imeiva lakini haivutii. Basi ifute baga kwa tishu ya jikoni kabla ya kuiweka. Taa ya kuonyesha kwamba grili imepata moto ikizimika, usiiamini papo hapo. Ngoja dakika chache zaidi, chuma chenyewe kishibe joto. Na usijaze baga sahani nzima kwa pupa, maana nyama baridi hunyonya moto wote. Ukisikia inachemka badala ya kukaanga, umeshajaza kupita kiasi.

Kifuniko kishushe tu, usikikandamize. Kile kishindo cha "tssss" kinachofurahisha watu ni mchuzi unaokimbia.

Kwa kuwa moto unatoka juu na chini, dakika nne hadi sita mara nyingi zinatosha. Ila usihukumu kwa rangi ya ndani, kwani nyama ya kusaga inaweza kupoteza wekundu kabla haijawa salama. Vijidudu vya juu ya nyama vilishasagwa pamoja nayo hadi katikati. Choma kipimajoto ubavuni. Katikati pakifika nyuzi 71, epua. Jibini weka baada ya kuinua kifuniko, la sivyo utaikwangua kwenye sahani ya juu. Mikate nayo ipitishe kwenye yale mafuta yaliyobaki, nusu dakika.

Wapo watakaosema hakuna kama mkaa. Kwa ladha ya moshi, siwabishii. Lakini mkaa ndani ya nyumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua. Mwenye chumba bila uwanja hana haja ya kuomba radhi kwa kutumia umeme.

Kuhusu kusafisha, ambako ndiko kunakofanya grili nyingi ziishie kabatini: chomoa waya, tandaza tishu zilizolowa kwenye sahani zingali na uvuguvugu, funga kifuniko, nenda ukale. Ukirudi unafuta tu, bila chuma wala kisu. Mafuta ya kwenye kitrei yaache yagande, kisha yatupe kwenye pipa la taka. Ukiyamwaga kwenye sinki, atakayekula faida ni fundi bomba.