Amri itoke Mtwara, kazi ifanyike Liwale: tutume, au mashine zijichukulie?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, kompyuta ya ghalani inakuwa na kazi nzito kama mzani wenyewe. Uzito wa mzigo, jina la mkulima na namba yake ya akaunti vinapita humo kabla stakabadhi haijatoka na korosho hazijaingia kwenye mnada wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Mashine hizo zimetawanyika Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, Nachingwea hadi Liwale, na fundi wa kuzitunza yuko Mtwara mjini au Lindi. Swali ni kama azitunze kwa kuziamuru akiwa mbali, kwa zana ya kiotomatiki kama Ansible, au aendelee kupanda basi na flashi mfukoni.

Ansible ilianzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, na Red Hat wakainunua mwaka 2015. Haihitaji programu yake isimikwe kwenye mashine inayoamriwa; SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao) na lugha ya Python vinatosha. Unaandika orodha ya mashine kwenye faili, unazigawa kwa makundi (hapa kundi linaitwa ghala), kisha unatuma:

ansible ghala -m command -a "df -h /"

Baada ya muda mfupi unajua diski ya ghala lipi imekaribia kujaa. Kwa kawaida zana hii inashughulikia mashine 5 kwa mkupuo. Ukiongeza -f 20 zinakwenda 20 kwa pamoja. Kwa kazi ya kutazama tu (diski, saa ya mashine, toleo la programu, huduma ipi imezima) sioni hoja yoyote ya maana ya kumsafirisha mtu. Ubishi unaanza pale amri inapobadilisha kitu.

Wanaopinga husema mtandao wa huku hauaminiki, na wana ushahidi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Lakini mwezi huohuo, siku chache kabla, kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa. Aliyetegemea nyaya alikwama, na aliyetegemea basi alikwama vilevile. Kwa hiyo kuuliza njia ipi haikatiki hakutusaidii. Tuulize amri yetu itakuwa katika hali gani njia itakapokatika, maana itakatika.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Laini ikikatika katikati ya kazi, Ansible inaandika UNREACHABLE mbele ya jina la mashine. Neno hilo husomwa kana kwamba linasema amri haikufika. Halisemi hivyo. Linasema tu kwamba mazungumzo ya SSH yamevunjika: pengine amri haikuanza, pengine imeishia nusu, pengine imekamilika na kilichopotea ni jibu. Fundi akirudia kwa pupa, matokeo yanategemea jinsi amri ilivyoandikwa. Tuseme anataka kuongeza anwani ya seva kwenye /etc/hosts, faili la majina na anwani za mashine. Akitumia moduli (kipande cha zana kinachofanya kazi moja) ya shell na echo yenye >>, kila akirudia anaongeza mstari mwingine. Leo ni mstari uleule mara mbili, hauna madhara. Anwani ikibadilika mwezi ujao, mstari wa zamani unabaki juu, unasomwa kwanza, na ghala linaendelea kuitafuta seva isiyokuwepo. Akitumia moduli ya lineinfile na kuipa regexp (ruwaza ya maandishi) inayoutambua mstari huo, arudie mara moja au mara kumi, mstari unabaki mmoja na wenye anwani mpya.

Ndiyo maana naona mtandao mbovu haukatazi kuamuru kwa mbali. Unachokataza ni amri isiyoweza kurudiwa salama. Moduli za command na shell zinafaa kwa kutazama; kwa kubadilisha, tumia moduli inayojua hali inayotakiwa: apt (programu), copy (faili), service (huduma), user (watumiaji). Na usidanganywe na --check, ile ya kujaribu bila kubadilisha. Kwa kawaida command na shell zinarukwa tu katika jaribio hilo, kwa hiyo hati ya majukumu (playbook) iliyojaa shell inaweza kupita jaribio bila doa huku hakuna kilichojaribiwa.

Kuna pia laini inayokufa kimya. SSH isipowekewa kipimo cha uhai, mtandao wa simu ukipotea zana inaweza kuning'inia muda mrefu bila kosa lolote kwenye kioo. Dawa inaandikwa kwenye ansible.cfg, sehemu ya ssh_connection:

ssh_args = -o ControlMaster=auto -o ControlPersist=60s -o ServerAliveInterval=15 -o ServerAliveCountMax=4

Hapo baada ya takriban dakika moja ya ukimya, muunganisho unatangazwa umekufa. Zile mbili za Control zimo kwa sababu ukiandika ssh_args mwenyewe unafuta zilizokuwemo tangu mwanzo. Ukiziacha, kila jukumu linafungua muunganisho mpya, na kwenye laini nzito kazi fupi inavutika sana.

Usasishaji wa programu ndio wa kuogopwa zaidi. Apt ikikatwa katikati inaweza kuiacha dpkg, msimikaji wa programu aliye chini yake, nusunusu, na usimikaji unaofuata utakataa hadi mtu atoe dpkg --configure -a. Kazi ya namna hiyo itengwe na laini:

ansible ghala -b -B 1800 -P 0 -m apt -a "upgrade=dist"

Hapo -b inaipa kazi mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, -B 1800 inaipa nusu saa, na -P 0 inaiambia zana isisubiri. SSH ikikatika, apt inaendelea kule kule. Kila mashine inarudisha namba yake ya kazi, na unaiulizia baadaye kwa moduli ya async_status. Kwa kuwa kazi ilianzishwa kwa -b, taarifa zake zimehifadhiwa upande wa root, hivyo kuuliza nako kunataka -b. Bila hivyo utajibiwa kwamba kazi hiyo haipo. Umeme ukikatika, ujanja huu haukuokoi. Hapo ni betri ya UPS tu, na ruta iwe kwenye UPS hiyohiyo. Piga pia hesabu ya bando: mashine 12 zikipakua MB 300 kila moja ni GB 3.6, hata kama amri yenyewe ni ya mstari mmoja.

Upande wa pili wa mjadala hautaki kutuma kabisa. Unataka mashine ijichukulie yenyewe: ansible-pull inawekwa kwenye cron (ratiba inayoanzisha kazi yenyewe), inakwenda kwenye hifadhi ya Git (mahali hati na mabadiliko yake vinapotunzwa), inachukua hati ya majukumu na kuitekeleza hapohapo ilipo. Kwa maghala yetu njia hii ina faida kubwa, kwani laini nyingi za simu hazina anwani ya IP ya hadharani, na huwezi kuigonga mashine ya Nanyumbu kutoka nje. Kwa kuchukua, mashine ndiyo inayotoka. Ilikuwa imezimwa wiki nzima? Ikiwashwa itachukua. Anayetaka kutuma lazima ajenge kwanza njia ya faragha ndani ya intaneti, kama WireGuard, kutoka ghalani hadi seva yenye anwani ya hadharani, na kuweka PersistentKeepalive = 25 ili ruta isiifunge njia kwa kukaa kimya.

Lakini kuchukua kuna ukimya wake. Ukituma, jibu linarudi machoni pako. Mashine inapojichukulia, inaweza kushindwa kila usiku kwa mwezi mzima na usijue. Kila zamu lazima iishie kwa kuripoti tarehe na matokeo mahali pamoja, na awepo mtu wa kuangalia nani hajaripoti. Zaidi ya hapo, wengi huongeza -o ili hati itekelezwe pale tu hifadhi inapobadilika, wakiokoa muda na bando. Umeme ukikatika baada ya mashine kuchukua hati lakini kabla ya kuimaliza, zamu ijayo itaona hakuna jipya na kuiruka. Mashine inabaki nusu hadi utakapobadilisha hati tena. Kwa ghala lenye umeme wa kusuasua, -o iachwe. Badala yake ongeza -s 600, ili kila mashine isubiri muda wa bahati nasibu usiozidi sekunde 600 na zisivamie seva kwa wakati mmoja.

Hoja ya wapinzani ninayoiona nzito kuliko zote haihusu mtandao. Inahusu ufunguo wa SSH. Anayeamuru mashine zote ana ufunguo wa mashine zote, na kompyuta yake ikiibwa Bima au Shangani, mitaa ya Mtwara mjini, aliyeiiba ana maghala yote mkononi. Wapo wanaodhani watajikinga kwa kuibana sudo, ruhusa ya kutenda kama root, iruhusu amri chache tu. Kwa Ansible haiwezekani kirahisi, maana inapeleka moduli kama faili la muda lenye jina linalobadilika na kuliendesha kupitia ganda la amri. Ukibana sudo, zana haifanyi kazi. Zana nyingine nazo zina historia. Mwishoni mwa Aprili 2020 ilitangazwa kasoro ya Salt, CVE-2020-11651, iliyomwezesha mtu yeyote aliyeifikia seva kuu kuziamuru mashine zote chini yake bila nenosiri. Siku chache tu baadaye seva za LineageOS (mfumo wa simu) na Ghost (jukwaa la blogu) zilikuwa zimevamiwa kupitia kasoro hiyo.

Kinachowezekana ni kupunguza eneo la hatari. Ufunguo uwe na nenosiri lake. Kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazokubaliwa na mashine, uwekewe from= ili ukubaliwe kutoka anwani moja tu, ile ya seva inayotuma amri, na seva hiyo isikae kwenye laptopu ya kubebwa begani. Usiandike nenosiri lolote ndani ya -a: linabaki kwenye historia ya ganda lako, na kwa kawaida moduli inaandika ilichoagizwa kwenye kumbukumbu za mashine ya mbali pia. Kwenye hati weka no_log: true penye siri. Tunazungumzia majina, simu na akaunti za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023.

Kwa hiyo naegemea mgawanyo. Usanidi wa kudumu, yaani programu zipi ziwepo, saa, watumiaji, nakala za akiba, mashine ijichukulie. Kutazama, na matengenezo ya dharura mchana wa mnada, yatumwe, tena kwa utaratibu: kwanza --list-hosts kuhakiki utazigusa mashine zipi, kisha --limit kwa mashine moja, na kwenye hati serial: 1, yaani mashine moja kwa zamu, ili kosa liishie ghala la kwanza.

Fundi wa wilayani abaki. Mashine iliyozimwa haisikii amri, panya akila waya hakuna moduli ya kuuunga, na kubadili mipangilio ya mtandao kwa mbali ni kukata tawi ulilokalia. Kabla ya kugusa ukuta wa moto au WireGuard ya Liwale, tuma kwanza shutdown -r +10, fanya badiliko bila kulihifadhi kwenye faili, kisha jaribu kuunganisha upya. Ukiingia, futa kwa shutdown -c ndipo uhifadhi. Usipoingia, baada ya dakika kumi mashine itajiwasha upya na mipangilio ya zamani. Mpigie fundi wa kule simu kabla hujaanza, awe karibu na kioo mpaka utakapomaliza.