Kuongeza Mkopo wa Nyumba ili Kulipa Madeni Mengine: Hesabu ya Malindi

Mwezi wa Mei ukiingia Malindi, hoteli nyingi za ufuoni huwa zimefunga au zimebakisha wafanyakazi wachache. Kusi limeshika, mvua za masika zinanyesha, wageni wa Italia waliondoka baada ya Pasaka, na kipato cha mpishi, dereva wa watalii na msimamizi wa hoteli kimepungua au kimekatika kabisa mpaka Julai. Madeni nayo hayana msimu. Karo ya muhula wa pili inadaiwa, Sacco inasubiri marejesho, na simu haiachi kuita. Hapo ndipo mwenye nyumba ya mkopo hupewa shauri hili: rudi benki, omba mkopo wa nyumba uongezwe, lipa madeni yote, ubaki na deni moja lenye marejesho madogo.

Shauri hilo linawahusu wachache. Kenya nzima mikopo ya nyumba ya mabenki ni kama 30,000 tu, na huku Pwani kuna kikwazo kingine: wengi wamejenga juu ya ardhi ya mtu mwingine au juu ya ardhi ya ukoo isiyo na hati. Kwa hiyo mtu wa Malindi mwenye hati miliki kwa jina lake ameshika kitu ambacho ndugu na jamaa wanakihesabu kuwa cha wote. Akiiweka nyumba hiyo hatarini, ameweka hatarini zaidi ya paa lake mwenyewe.

Hata hivyo wanaounga mkono shauri hilo wana hoja nzito. Chukua mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa ada ya namna hiyo, anayezungusha shilingi 100,000 mwezi baada ya mwezi hulipa shilingi 90,000 kwa mwaka, na deni lenyewe bado liko pale pale. Shilingi 100,000 hizo zikiwa ndani ya mkopo wa nyumba wa asilimia 14, riba ya mwaka wa kwanza haizidi shilingi 14,000. Mtu aliyenaswa hivyo sioni kwa nini azuiwe kutoka.

Hoja ya pili ni ya utu. Mkopo wa Sacco husimama juu ya wadhamini, na wadhamini ni walimu wenzako, wauguzi wenzako, watu mnaoswali nao au kuabudu nao. Ukishindwa, wao ndio wanaokatwa. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa jambo hili, na aliyekatwa mshahara kwa deni lisilo lake ana haki ya kuumia. Yuko anayeona ni heri nyumba yake ibebe mzigo kuliko mwenzake, na kwangu mimi huo ni uungwana.

Lakini tufanye hesabu, maana marejesho madogo huficha mengi. Tuseme una mkopo binafsi wa benki, shilingi 600,000, riba asilimia 18 kwa salio linalopungua, yaani riba hutozwa kwenye deni lililobaki tu, na imebaki miaka 2. Unalipa kama shilingi 29,950 kila mwezi, na hadi uumalize riba itakuwa kama shilingi 119,000. Uhamishie kwenye mkopo wa nyumba wa asilimia 14 uliobakiza miaka 15: sehemu hiyo sasa inakudai kama shilingi 8,000 tu kwa mwezi. Unapumua. Ila hadi iishe utakuwa umelipa riba ya kama shilingi 838,000. Asilimia imeshuka, gharama imepanda mara saba, na kilichoipandisha ni muda.

Muda huo huo ukifupishwa, jibu linabadilika. Ukiilipa sehemu iliyoongezwa kwa miaka 5, marejesho ni kama shilingi 13,960 kwa mwezi na riba yote ni kama shilingi 238,000. Bado ni ghali kuliko kuvumilia miaka miwili, lakini ni gharama ambayo mtu aliyebanwa kweli anaweza kuitetea. Afisa wa benki asipotaja jambo hili, uliza wewe: je, nyongeza inaweza kuwa na muda wake tofauti na wa nyumba?

Na si kila deni linafaa kuhamishwa. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani asilimia 12 kwa mwaka. Kulipeleka deni hilo kwenye mkopo wa asilimia 14 ni kununua hasara, isipokuwa wadhamini wameshaanza kukatwa. Tena kuna kodi. Sheria ya Kenya inampa mwenye nyumba nafuu kwa riba ya mkopo wa kununua, kujenga au kuboresha makazi anayoishi, na tangu mwisho wa 2024 kiwango cha juu ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Riba ya fedha zilizolipa karo na madeni ya dukani haimo. Ongeza ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 pale rehani mpya inaposajiliwa, ada ya mthamini na ya wakili.

Linalonisumbua zaidi ya gharama zote hizo ni dhamana. Mwenye duka anayekudai lazima aende mahakamani kwanza. Benki yenye rehani haihitaji amri ya mahakama: Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka itoe notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40, halafu kanuni za madalali zinamtaka dalali atoe ya siku 45. Ukiyahamisha madeni ya duka na simu kwenye nyumba, umeipa benki, kwa madeni hayo yote, nguvu ambayo wadai wa zamani hawakuwa nayo. Ndiyo maana sheria hiyo inataka idhini ya mume au mke kwa nyumba ya ndoa, na idhini hiyo isiwe saini ya haraka mezani kwa wakili. Mwenzio aone madeni yote, hata yale ya simu.

Mimi ningeanza na ombi jingine kabisa: masharti ya mkopo uliopo, bila kuongeza hata shilingi. Benki Kuu ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 13 Februari 2024 hadi 9.75 Juni 2025, na mwenye mkopo wa riba inayobadilika ana haki ya kuuliza kwa maandishi riba yake imeshuka kiasi gani. Kisha aombe ratiba inayofuata msimu, alipe zaidi Agosti na Desemba, na kidogo Mei. Ombi hilo haliko nje ya uwezo wa mabenki. Machi 2020, utalii ulipozimika kwa korona, Benki Kuu iliwaelekeza wapokee maombi ya wakopaji ya kuongezewa muda, na walipokea.

Kwa Waislamu wanaokwepa riba, nyongeza ya namna hii haipo kirahisi. Benki za Kiislamu zilizoanza Kenya mwaka 2008 hugharamia nyumba kwa kuuziana (benki hununua na kumuuzia mteja) au kwa ushirika unaopungua (mteja hununua sehemu ya benki kidogo kidogo), si kwa kutoa fedha za kulipia madeni mengine. Lakini aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayomwamrisha mdai ampe muhula mwenye dhiki, ni hoja ambayo mdaiwa wa hapa anaweza kuitaja mbele ya mwenye duka bila kuona haya.

Na kama hata ratiba mpya haitoshi? Kwangu, kuuza mapema kuna heshima kuliko kuongeza deni usiloweza kulibeba. Sheria inaitaka benki itafute bei nzuri, na ikiuza chini ya asilimia 75 ya thamani ya soko, kwenye kesi inachukuliwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini kesi huchukua miaka. Anayeuza mwenyewe, kabla notisi ya kwanza haijaandikwa, huchagua mnunuzi na wakati, na Malindi wanunuzi huja kuanzia Desemba.