Uso Chini ya Jiwe

Mimi ni mchongaji wa mawe, na nimezoea malighafi isiyokubali utani, ndiyo maana nilipoanza kuchora kwenye karatasi kwa makaa, wino, kalamu za nta, gundi na jasi, nilijiona kama niliyekwenda likizo. Nilikuwa nimevutiwa na mchongaji Mwingereza Henry Moore, ambaye mwaka 1940 na 1941 aliwachora watu waliojihifadhi kutokana na mabomu katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London. Alichora kwa nta, akapitisha rangi ya maji juu yake, nta ikaikataa rangi, na miili ikajitokeza gizani kana kwamba imechongwa.

Nikachukua karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nikachora uso mkubwa wenye kinywa wazi. Nilichora kwa nguvu za nyundo, nikatoboa shavu, nikaliziba kwa jasi, na mara mbili (naona haya kulisema) nikaizunguka meza ili nikague kisogo. Kufikia jioni karatasi ilikuwa imejipinda kama gome la mti linalokauka.

Wajuzi wa karatasi huilowesha kidogo kwa nyuma, wakaiweka katikati ya karatasi safi na mbao, kisha wakaikandamiza kwa kitu kizito hadi asubuhi. Mimi nilikumbuka kitu kizito tu. Nilimwita mwanafunzi wangu, tukanyanyua sanamu ya mwanamke aliyeketi, kilo 60 za jiwe ambazo mteja alikwisha kuzilipia, tukamkalisha juu ya ule uso, gundi ikiwa bado mbichi.

Asubuhi tulipomnyanyua, karatasi ilikuja naye, imemng'ang'ania makalioni. Mwanafunzi alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa heshima zote, "Mwalimu, sasa sahihi tutaiweka wapi?"

Sikumjibu. Tulimlaza mwanamke ubavu, tukamfunika vitambaa vilivyolowa mchana kutwa, kwa kuwa gundi nyeupe hulainika ikirowa, na hatimaye karatasi ikabanduka vipande vipande. Jiwe, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kunywa wino na makaa, na uso ulibaki pale chini, umegeuzwa kama kwenye kioo, tena ukiwa na uhai ambao karatasi haikuwahi kuuona. Nilisugua hadi nikachoka, nikajifariji kwamba hakuna anayepindua sanamu kutazama ilichokalia.

Wachukuzi sikuwa nimewafikiria. Walikuja wawili, wakaiinamisha sanamu ili wapitishe kamba, na aliyekuwa amepiga magoti akakutana ana kwa ana na kinywa wazi na jicho jekundu la nta. Hakupiga kelele. Aliuamkia ule uso kwa sauti ndogo, "Shikamoo," kisha akaitua sanamu taratibu, kwa uangalifu mkubwa, juu ya mguu wangu.