Nilivyomwoza Sultani Merikebu

Historia ya Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa, au Ngomeni kama tunavyoita wenyeji, ukiikamua maji yote yabaki mambo mawili: watu kuingia kwa mabavu, na watu kutoka mbio. Kuingia hakukunipa taabu. Kutoka ndiko kulikoniumbua.

Wakati huo nilikuwa najifunza kutembeza wageni chini ya ami yangu, ndugu yake baba. Ami ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na Kiingereza chake kina neno moja tu la kukimbia: "run away". Wareno "run away". Sultani "run away". Wafungwa wa enzi ya Mwingereza, "run away". Hata paka wa pale mlangoni, akiulizwa yuko wapi, "run away". Siku moja kijana mmoja mgeni akauliza kama wote walikimbia, mlango ulifungwa na nani? Kundi zima likaangua kicheko, na Ami akacheka nao. Mimi likanichoma.

Kwani sisi tuna uhaba wa maneno? Kwa Kiswahili mtu hutoroka, huhepa, huchomoka, huponyoka, hutokomea, hutimua mbio, huingia mitini, hufunga virago. Na kila mmoja ana hali yake. Aliyehepa ana deni la watu. Aliyeponyoka alikuwa keshakamatwa. Aliyefunga virago walau alipata nafasi ya kukunja mkeka wake. Nikasema Kiingereza nacho lazima kiwe na utajiri huo, ni Ami tu hajaufikia.

Nikaenda Mwembe Tayari, kwa muuza vitabu chakavu, nikanunua kamusi ya visawe kwa shilingi 150. Haikuwa na jalada, na herufi A mpaka C zilikuwa zimeliwa na mchwa. Lakini penye "flee" palikuwa pazima, na maneno yamepangwa safu kama samaki sinia: "abscond", "bolt", "decamp", "desert", "elope", "escape", "evacuate", "vacate". Yamekaa tu, mkato kwa mkato, bila kuelezwa lipi latumika wapi na kwa nani. Nami nikaona kama yamekaa safu moja, basi yote ni ndugu wa tumbo moja.

Usiku nikayahifadhi kwa mtindo wa chuo cha Kurani, huku nayumba mbele na nyuma barazani. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, umepandwa?"

"La, mama. Nasoma."

"Haya. Ukishuka, kuna chai."

Asubuhi yake wakaja wazee wawili kutoka Uingereza, mke na mume. Bibi mwembamba, miwani kifuani kwa uzi. Bwana ana kofia pana na macho ya mtu asiyecheka mbele za watu. Ami akaniachia uwanja, yeye akafuata nyuma na chupa yake ya maji.

Nikaanza na mwaka 1505, kabla hata ngome haijajengwa, Francisco de Almeida alipoushambulia mji na kuuchoma moto. Wenyeji walikimbilia kwenye minazi. Mimi nikasema, kwa sauti ya redio, kwamba watu wa Mombasa "vacated". Bibi akatikisa kichwa taratibu.

"Kabla ya saa nne asubuhi?" akauliza bwana.

Sikumfahamu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba neno hilo ni la chumba cha hoteli na nyumba ya kupanga: unarudisha ufunguo, unaulizwa kama ulikula karanga za kwenye friji. Nami nikamjibu kwa yakini kwamba saa haikuandikwa.

Tukapanda juu ya boma, pale penye mizinga inayotazama mlango wa bahari. Hapo ndipo kisa changu nikipendacho. Yusuf bin Hasan alilelewa Goa, makao ya Wareno huko India, mikononi mwa Wareno wenyewe, wakambatiza jina la Jerónimo, wakamrudisha kuwa sultani wa Mombasa. Mwaka 1631 akawageuka, akamuua kapteni wao ndani ya ngome hii hii. Wareno wa Goa wakaleta jeshi, likashindwa kumng'oa. Lakini mwaka 1632 mwenyewe aliona mambo hayakai, akaiacha ngome, akachukua merikebu ya Wareno aliyoiteka, akaingia baharini kuwa haramia.

Kisa kama hicho hukipi "run away". Nikachagua neno lililonipendeza kuliko yote kwa ulaini wake mdomoni. Nikasema sultani "eloped with a ship".

Bibi akavaa miwani.

Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa mmoja wao: "elope" ni kutoroka na mchumba mkafunge ndoa kwa siri, wazazi wasijue. Na kuna jambo la pili lililonimaliza. Mabaharia wa Kiingereza merikebu huiita "she", kama mwanamke. Hilo nililijua, na nilijivunia kulijua.

"Walikuwa wamejuana kwa muda mrefu?" bwana akauliza, uso mkavu.

"La. He took her by force."

"Masikini. Na wenyewe walisemaje?"

"Wareno walikasirika sana. Lakini alikuwa keshampeleka mbali."

Bibi akageukia bahari. Mabega yanamtikisika, mimi nadhani ni huruma. Ami kule nyuma akaniuliza kwa jicho: kuna nini? Nikamjibu kwa jicho: wameguswa.

Nikapata moto. Nikauruka mzingiro wa Waomani wa 1696 hadi 1698, na hiyo ni dhambi kwa mtembezaji, ili nifike haraka 1729, mwaka Wareno walipotoka Mombasa moja kwa moja. Neno nililoliwekea mwaka huo ni "evacuate". Lenyewe ni neno zuri, maana yake kuondoa watu penye hatari. Tatizo ni kwamba madaktari nao wanalo, na kwao ni kwenda choo kikubwa. Yote hutegemea unavyolipanga. Mimi nililipanga hivi: mwezi wa Novemba, askari wote "evacuated themselves inside the fort", kisha wakateremka baharini.

Kimya. Kunguru akalia.

"Wote?" akauliza bwana.

"Wote, bwana. Hakubaki hata mmoja."

"Hofu ni kitu kibaya," akasema, na hapo kofia ikamwanguka kwa kicheko.

Bibi akanikalisha kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, sasa mstaafu, na alinifungulia maneno yangu moja moja kama mtu anayechambua mchele. "Abscond", akasema, asili yake ni Kilatini, kujificha; ni la mtu anayetoroka kisirisiri, na mara nyingi ameacha deni au kesi. Nikasema kumbe ndiye wetu wa kuhepa. "Decamp" ni kung'oa kambi. Wa virago huyo! "Escape" nalo asili yake ni kutoka ndani ya joho: mtu amekukamata, unamwachia nguo mkononi, wewe huyooo.

Nikamtafsiria Ami.

"Kama yule mwizi wa Marikiti," akasema Ami, "aliyemwachia askari shati." Akanywa maji. "Miaka ishirini nasema 'run away'. Sikupata kumwoza sultani chombo. Wala sikupata kuwatia Wareno tumbo la kuhara."

Mlangoni, tuktuk ikiwangoja, nikataka kuwaaga kwa adabu. "Depart" nalijua, nimelisoma uwanja wa ndege, na halikutoka kwenye kile kitabu cha mchwa. Nikaweka mkono kifuani, nikamwambia bwana: "Sir, you are now the departed."

Mzee akatia vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo.

"Bado," akasema.

Bibi akamkokota ndani ya tuktuk huku akimweleza dereva, ambaye hakuuliza, kwamba hivyo ndivyo wanavyoitwa marehemu. Kabla hawajaondoka, bwana akanyoosha mkono nje na noti ya shilingi elfu moja. Mchango wake, akasema, kwa harusi ya sultani.

Sijaikunja vizuri, Ami akawa keshaichukua.

"Mahari," akasema, akiitia mfuko wa shati, "hupokewa na walii."