Mwandishi umeruka sehemu tamu

Nimesoma habari yenu ya binti wa mbio za mita 100 aliyeanzia UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), akang'ara UMISSETA (ya sekondari) na sasa yuko chuo; hongera kwake. Ila habari yenyewe imekimbia kuliko yeye! Sisi wa Tabora tunajua anakotoka: pekupeku kwenye mchanga, mistari ya majivu, mwalimu anagonganisha vibao viwili badala ya bastola. Raba mimi niliazima, kubwa, nikajaza karatasi mbele. Na mbio fupi ni kuchomoka. Usipozoea vile vyuma vya kukanyagia pale mwanzo, umeshaachwa. Tangu mwanariadha wetu Filbert Bayi avunje rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, macho yetu yako kwenye mbio za kati na ndefu tu. Kocha wake chuoni ni nani, jamani? Hamkuuliza?